Mdomo kwa Mdomo

Jumanne ile dada yangu alitafuna karanga kutoka nyumbani hadi kazini, kru, kru, kru, njia nzima, mpaka nikamwambia afunge bakuli. Nawaambia hilo mjue alitoka nyumbani mzima. Mambo haya yalimkuta yeye. Mimi yalinipita pembeni tu, na sina hakika kama hiyo ni nafuu.

Dada ni wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mimi ni mhitimu, computer science, second class upper, mwaka wa tatu sasa natuma CV na kujibiwa we will get back to you na watu ambao tangu wazaliwe hawajawahi kumrudia mtu. Yeye ndiye aliyenipigia debe. Mwenye kliniki, ambaye wafanyakazi walimwita Mkwe kwa kuwa aliipata kwa kumuoa binti wa daktari wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alitaka mafaili ya wagonjwa yatolewe kwenye kompyuta ya marehemu. Mafundi wawili walishaichungulia wakaaga. Mkwe aliniambia bila kuniangalia usoni kwamba yakihamia kwenye mtandao wa kliniki kabla ya saa saba mchana, nafasi ya IT ni yangu. Yasipohama, nisimletee tena sura yangu. Hata kiti hakunipa.

Kompyuta yenyewe ilikaa stoo, nyuma ya chumba cha matibabu. Mimi si mtu wa kinyaa. Nimeishi hosteli ya chuo, nimeoga kwenye mabafu yale. Stoo ile ilinishinda. Ilinuka mafuta ya karafuu, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, ile ya mdomo uliolala na njaa. Kwenye rafu kulikuwa na meno ya plasta, mifano ya vinywa vya watu, mamia, yamegeuka njano, yote yameachama. Kibodi ilikuwa na utando mweusi katikati ya vitufe; ukibonyeza herufi inazama, inarudi taratibu kana kwamba inafikiri. Dada alisema marehemu, waliyemwita Mzee Koleo, hakuruhusu mtu aiguse. Aling'oa kwa mikono yake, akaandika kwa mikono yake, kila jino, na kati ya kung'oa na kuandika hakuwa na kawaida ya kunawa.

Nilifuta kidole kwenye suruali. Kikabaki kinanata.

Mashine haikuwa na tundu la mtandao wala la flashi. Ilikuwa na serial port, lile tundu la zamani la meno tisa, basi. Nikafurahi. Mafundi wa siku hizi hawalijui; mimi nililijua kwa kuwa mhadhiri wetu alikuwa mzee kuliko notes zake. Kwa tundu lile unaiunga mashine na laptop, laptop inakuwa mlango, na mashine inaingia kwenye mtandao kama wenzake. Inaingia kwa kujikokota, lakini inaingia. Waya tatu zinatosha: ya kusema, ya kusikia, na ya earth. Siri ni moja. Unazipishanisha. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule, na mdomo wa yule kwenye sikio la huyu. Ukiunga mdomo kwa mdomo, wote wanasema na hakuna anayesikia. Hupati kitu. Kimya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

Nikakata kebo, nikamenya, nikaunga, nikazungusha utepe. Dada alikuwa amesimama mlangoni ananisimulia jinsi Mkwe anavyowasalimia wagonjwa waliokuja na gari na kuwakoholea waliokuja kwa miguu. Tunacheka. Nikaipa kila mashine anwani yake, nikatuma ping, ile hodi ya mashine kwa mashine, roho mkononi.

Reply. Reply. Reply.

Dada akaniita Injinia. Nilikuwa sijaitwa hivyo na mtu tangu mahafali.

Mafaili yakaanza kupita. Kwenye skrini ya zamani kila faili lilijionyesha likienda: namba ya mgonjwa, jino gani, kisha neno moja, limetolewa. Limetolewa. Limetolewa. Miaka na miaka ya vinywa vya watu ikipita mbele yangu, na mimi nimekaa kwenye boksi nahesabu asilimia kama mtu anayengoja chakula. Ilipofika saa sita na nusu tulikuwa asilimia tisini.

Hapo likatokea faili lisilo na namba. Mahali pa namba paliandikwa MAPOKEZI. Chini, kushoto, la nyuma. Limetolewa.

Dada aliacha kuongea katikati ya neno. Akaweka kiganja shavuni. Akainama kwenye beseni la bati lililokuwa pale chini, akatema.

Ti.

Jino zima. Mizizi miwili, na kijipande cha nyama kinaning'inia.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Alikaa sakafuni polepole, mate mekundu yanamtiririka hadi kwenye kola ya sare, hajui kama yanatiririka.

"Haliumi," akanong'ona. "Mdogo wangu, mbona haliumi? Nimekufa ganzi."

Nikainua kebo. Utepe ulikuwa umelowa. Nikaufungua.

Nyekundu kwa nyekundu. Kijani kwa kijani.

Nilikuwa nimeunga rangi kwa rangi, kama anayeunga taa ya sebuleni. Kicheko kile, haraka ile, sikupishanisha chochote. Mdomo kwa mdomo. Sikio kwa sikio. Haikutakiwa kupita hata herufi moja. Na majibu yalikuwa yanakuja tangu asubuhi.

Basi kulikuwa na mtu katikati. Anapokea huku, anapeleka kule.

Kwenye maungio ulikuwa unatoka ute. Mzito, wa uvuguvugu, na vipovu vidogo. Ulinifika kwenye vidole, ukashuka kwenye kiganja, na nilipoukung'uta haukudondoka. Ulivutika.

MAPOKEZI. Juu, kulia. Limetolewa.

Ti.

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Sitaki kuwadanganya, ulikuwa mkononi, umeshafunguka. Nikatazama skrini. Asilimia tisini na tatu. Three years, nikajiambia. Just five minutes. Nilijiambia kwa Kiingereza kwa sababu aibu kwa Kiingereza hainuki sana.

Tisini na nne.

Tisini na sita.

Dada alikuwa amefungua mdomo, anautazama ukuta. Hakuufungua yeye. Taya lilikuwa limeshikwa. Ngozi ya kidevu ilikuwa imebonyea, mashimo manne upande mmoja, na hakukuwa na mkono.

Tisini na nane.

Ti.

Hili lilikuwa la mbele.

Nikakata. Kebo haikukatika kama waya. Ilikatika kama gegedu, kwa kukwaruza, na ncha zote mbili zikanyonya hewa. Skrini ya zamani ikazimika. Nikatapika palepale, juu ya meno ya plasta ya watu nisiowajua.

Mkwe alikuja saa saba kamili. Alitazama sakafu, akapandisha suruali isichafuke, akauliza kama yamehama yote. Nikamwambia karibu yote. Akasema karibu si kazi. Nafasi alimpa mpwa wake, kijana aliyesomea hoteli.

Nilimrudisha dada nyumbani kaziba mdomo kwa leso. Niliomba samahani hadi neno likaishiwa maana. Tulipofika mlangoni akaishusha leso, akaongea, upepo ukimpita pale mbele.

"Niliona. Mimi natema, wewe uliangalia skrini kwanza."

Akaingia ndani.

Wiki iliyofuata alikubali nimsindikize kwa daktari mwingine, mama mmoja mtulivu. Alimpiga picha ya eksirei, akaitazama muda mrefu, akamuuliza dada aling'olewa akiwa na umri gani. Nikadakia kwamba ni Jumanne iliyopita. Akanitazama kama nimekuja nimelewa. Kwa ncha ya kalamu akatuonyesha kwenye picha: mfupa umeziba, umelainika, hakuna hata kivuli cha shimo. Mapengo haya, alisema, yana miaka ishirini, pengine zaidi.

Kisha akamwomba dada aachame tena. Akavuta taa karibu. Kwenye ufizi, juu ya pengo la mbele, kulikuwa na alama ya dole gumba. Imezama kama kwenye nta, mistari yake yote inasomeka. Mama yule akaiwekea dole gumba lake kupima. Lilikuwa dogo.

Alipoliondoa, alama haikuwa tena kwenye pengo. Ilikuwa juu ya jino linalofuata.