Mstari wa Mwisho wa Karatasi ya Dani

Kila jioni, akishaosha vyombo, Vera alimsomea nyanya yake barua na karatasi zote zilizofika nyumbani kwao Kyebando. Dani, kama alivyomwita, alikuwa na mtoto wa jicho. Mtaa mzima aliuona katika ukungu mweupe, na taa ya dukani aliiona kama imeota manyoya. "Naishi ndani ya wingu, mjukuu wangu," alizoea kusema huku akicheka.

Jioni hiyo karatasi ilitoka ng'ambo ya mpaka, kwao Kenya. Ilieleza bima ya afya ya serikali, ambamo Dani alikuwa ameandikishwa. Bima ingelipia upasuaji wa macho. Kisha Vera akaufikia mstari wa mwisho: katika hospitali zilizomo Kenya pekee. Akaikunja karatasi. Dani akiondoka, nani atamsimulia Vera ndoto za usiku kila asubuhi?

"Imeisha?" Dani aliuliza.

"Imeisha, Dani."

Kesho yake Dani alivaa gauni la sikukuu, wakaenda hospitalini. Njia nzima alitabasamu. Alisema kitu cha kwanza atakachotazama ni uso wa Vera, ambao aliuona vizuri mara ya mwisho Vera akiwa chekechea.

Nesi Filda aliigeuzageuza kadi ya bima ya Dani. "Nyabo, mama yangu, hii kadi iko ya Kenya. Hapa haifanyi kazi. Naweza kukuandika kwa foleni ya hospitali ya serikali, lakini utangoja sana. Ama uende kwenu Kenya, wakupasue mapema."

Tabasamu likamtoka Dani. "Basi nimejipamba bure," alisema polepole.

Vera akaangua kilio. "Mstari huo niliuona, Dani. Niliuficha. Niliogopa utaniacha."

Dani alimpapasa mashavu, akayafuta machozi. Hakumgombeza. "Nisomee tena," alisema, "yote."

Vera akaikunjua karatasi, akaisoma mpaka mwisho. Dani akachagua kwenda Busia, upande wa Kenya, kwa mwanawe, apasuliwe huko.

Wiki nne zilikuwa ndefu. Siku aliyorudi, Dani alisimama mlangoni akamtazama Vera kwa muda mrefu, kama mtu aliyeamka usingizini.

"Kumbe umekuwa mama yako mtupu," alisema. "Sikia, mjukuu wangu. Ukimsomea mtu karatasi yake, msomee yote, hata yanayokuuma wewe. Kuchagua ni kwake."

Kisha akampa karatasi ya daktari. Vera akaanza kuisoma kutoka juu kabisa.