Makao Makuu ya Wonju

Jumatatu saa tatu asubuhi, mhasibu Pyo Hae-gon alifungua makao makuu ya kampuni iliyomwajiri, mjini Wonju, akakuta vumbi tupu. Kampuni hiyo ya kigeni ilisamehewa kodi kwa ahadi kwamba makao yake yako mbali na Seoul na yana wafanyakazi sitini. Pyo akatoa taarifa kwa mamlaka ya kodi. Wakaguzi walipofika, wakawakuta wote sitini wameinamia kompyuta. Pyo akatiwa mahabusu kwa kuichafulia kampuni jina.

Sasa mkaguzi wa kodi Seol Mi-ran alikuwa amerudi kwa mara ya mwisho, roho mkononi. Jioni faili lingefungwa, na Pyo angekwenda gerezani. Hata Mi-ran alikuwa ameanza kumshuku Pyo, maana ilisemekana alinyimwa cheo akaamua kulipiza kisasi. Asubuhi nzima Mi-ran aliwahoji wale sitini, nao wakajibu bila kubabaika. Alitamani kulia.

Saa saba walikula pamoja wali, supu ya soya na kimchi, kabichi iliyochachushwa na kujaa kitunguu saumu. Kisha kila mtu akarudi mezani kwake. Mi-ran, mswaki mkononi, akajikuta peke yake msalani. Tangu aanze kazi, ofisi yoyote aliyoingia ilimpangisha foleni ya sinki baada ya chakula cha mchana, kila mfanyakazi akipiga mswaki aliouweka kazini. Akarudi, akachungulia chini ya meza. Hakuona hata jozi moja ya ndala ambazo wafanyakazi wa ofisini huziacha chini ya meza zao. Wote walivaa viatu vya barabarani.

Akamfuata meneja, Noh Gi-cheol.

"Bwana meneja, watu wako wako hapa tangu lini?"

"Miaka mitatu, mkaguzi."

"Na miaka yote hiyo hakuna aliyeleta mswaki?"

"Labda leo wamesahau."

"Wote sitini?"

Noh akamvuta pembeni, jasho likimtoka. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba amewakodi. Wakubwa wa ng'ambo walimwambia kodi ikidaiwa, kiwanda chao cha Ulsan kitafungwa, na wa kwanza kufukuzwa atakuwa yeye. Kisha akajikaza.

"Nimekwambia wewe tu, na nitakana. Nenda kamsimulie hakimu habari za miswaki, uone kama hatakucheka."

Alisema kweli, na hilo lilimuuma Mi-ran. Akawageukia watu wale, akawaambia kuna mwenzao atafungwa bila kosa, akaomba mmoja tu aseme. Vichwa vikainama. Ujira wa siku ulikuwa bado mfukoni mwa Noh. Mi-ran akaanza kukusanya vitu vyake.

Mwanamke mmoja wa makamo akainuka kwenye kiti cha dirishani.

"Mama, kaa chini," Noh akasema.

"Mmenikodi nikae, nimekaa. Kunyamaza mtu akifungwa hatukupatana." Akamtazama Mi-ran. "Andika, mwanangu. Naitwa Maeng Ok-bun. Hii ni mara yangu ya pili kuletwa hapa, na hiyo kompyuta hata kuiwasha sijui."