Nusu ya Kapteni

Msimu wa kilimo ulipofika pale Nkoma, Nyanjige alianza siku yake mbele ya ng'ombe. Alishika kamba, akawaongoza mstari baada ya mstari, huku kaka yake Josia akikandamiza plau kwa nyuma. Baba yao alikuwa amefariki, na shamba la pamba lilikuwa mikononi mwao na mwa mama yao, Monika. Jua likishachomoza, Nyanjige alinawa miguu, akavaa sare na kukimbilia shule, darasa la sita.

"Mimi na wewe tumefungwa nira moja," Josia alipenda kumwambia. "Mmoja akianguka, mwingine hawezi kusimama."

"Basi punguza ugali. Nira inaelemea upande wako," Nyanjige alimjibu.

Alicheka aliposema hivyo, lakini maneno ya kaka yake aliyaamini kama mkulima anavyoamini wingu jeusi.

Asubuhi moja walikuwa wakigeuza plau mwisho wa shamba, Nyanjige akiwa amekuja nyuma kumsaidia Josia kuiinua. Ng'ombe walishtuka, wakaivuta ghafla. Ncha ya plau ikamchana Nyanjige kwenye muundi, kisha ikamkata Kapteni, ng'ombe wa kulia, juu kidogo ya kwato. Josia hakumtazama hata ng'ombe. Alimbeba dada yake mgongoni, akamkimbiza zahanati.

Daktari Lukresia alikisafisha kidonda na kukifunga. Akatoa mfuko wa vidonge vya rangi mbili, vyekundu upande mmoja na vyeusi upande wa pili, vyenye unga ndani.

"Umeze mpaka viishe," alisema. "Hata ukijiona umepona, usiache. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Nitampa mwenyewe," Josia alisema. Akautia mfuko ule katika mfuko wa shati lake, na Nyanjige akaona ana bahati kuwa na kaka wa namna ile.

Siku za mwanzo kidonda kilinywea vizuri. Nyanjige alirudi shule akichechemea, na wenzake wakamwita bibi kizee mpaka akacheka nao. Kila Josia alipomletea kidonge na kikombe cha maji, alimeza bila kuuliza. Lakini baadaye mguu ulianza kupwita. Kidonda kikatoa harufu, ngozi ikang'aa kwa uvimbe, na homa ikamtetemesha juani. Mama akamrudisha zahanati, Josia akifuata nyuma.

Daktari Lukresia alifungua kitambaa, akakiinamia kidonda.

"Dawa ulikuwa unameza?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, daktari."

"Kidonda cha mtu aliyemeza dawa yake hakiwi hivi."

Mama alimgeukia. "Nyanjige, mwanangu, sema kweli."

Nyanjige alimtazama Josia. Yeye ndiye aliyempa kila kidonge kwa mkono wake. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Josia aliinamia viatu vyake vya katambuga, akasema, "Mimi nilimpa. Labda alikuwa anatema."

Plau ilikuwa imeukata mguu. Neno lile lilikata mahali ambapo hapafungwi kitambaa.

"Nimwone tena kesho asubuhi," daktari alisema. "Uvimbe ukikaribia goti, mtakwenda hospitali Bariadi. Na sitawaficha, mguu ukiozea ndani hukatwa. Mama, leo ameze mbele ya macho yako."

Jioni ile mama alimketisha mbele yake kama askari na mahabusu. "Weka mdomoni. Meza. Fungua kinywa nione."

Nyanjige hakuwahi kudanganya katika nyumba ile, na sasa alikuwa anakaguliwa meno kama mbuzi wa mnadani. Hasira ikampanda. Badala ya kumeza, alikitafuna kidonge mbele ya mama yake, ili amwone anavyovumilia uchungu wa dawa.

Uchungu ulikuja kidogo tu. Baada yake ikaja ladha aliyoijua tangu aanze kula. Alitema kiganjani, akautazama ule unga mweupe.

"Mayu," alimwita mama yake, "onja."

Mama aligusa kwa ulimi. Uso wake ukabadilika. "Huu ni udaga," alisema polepole. "Nani ametia unga wa muhogo ndani ya dawa?"

Josia alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia.

"Nilichukua nusu tu," alisema. "Kila kidonge kilichobaki nilikifungua, nikagawa. Nusu ya Nyanjige, nusu ya Kapteni. Nilimnyunyizia kwenye kidonda. Tangu bwana mifugo apunguzwe kazi, nani anatutibia ng'ombe? Josho limekauka. Dawa zote siku hizi ziko madukani, na ni za mwenye pesa. Kapteni akifa tutalima na nini? Na nilimwona Nyanjige ameshaanza kutembea."

"Kuchukua umechukua," Nyanjige alisema. "Lakini mbona ulisema ninatema?"

 

Asubuhi Josia alichuchumaa ili ambebe dada yake. Nyanjige aliupita mgongo ule, akapanda baiskeli ya jirani, mama akaisukuma. Josia alitembea nyuma yao peke yake mpaka zahanati.

"Sema wewe," mama alimwamuru walipofika, na Josia akasema yote.

Daktari Lukresia alimgeukia Nyanjige kwanza. "Nilikushuku bure, mwanangu. Nisamehe." Kisha akamketisha Josia. "Wezi wa ng'ombe huingiaje kijijini?"

"Mmoja mmoja," Josia alijibu. "Wanajifanya wageni. Wakishakuwa wengi wanapeana ishara, ndipo wanavamia zizi."

"Wapo bakteria wa vidonda wenye tabia hiyo hiyo. Wakiwa wachache hukaa kimya, hawatoi sumu yao yote. Hupeana ishara kwa kemikali, na wakihisi wametosha, hushambulia kwa pamoja. Siku zile za kwanza dawa kamili iliua wengi. Waliobaki wakatulia, kidonda kikanywea, nawe ukadhani umepona. Wakati ule ndipo ulipoigawa dawa. Nusu dozi huua wanyonge tu. Wale wagumu wanabaki, wanazaana, na watoto wao wanarithi ugumu ule. Sasa hata nikimpa dawa ile ile kamili, huenda isiwaweze."

"Na Kapteni?" Josia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kapteni naye hukumtibu. Umewanyima wote wawili."

Uvimbe ulikuwa umekaribia goti, hivyo Nyanjige alipelekwa Bariadi siku ile ile. Huko walimpasua, wakatoa usaha na kumchoma sindano za dawa nyingine, kali zaidi, asubuhi na jioni, mpaka akazichukia. Lakini homa ilishuka, nyama mpya ikaota, na mguu ukabaki wake. Kapteni hakuwa na bahati hiyo. Kwato lilioza, ikabidi achinjwe, na msimu ule Josia alilima kwa jembe la mkono, mgongo umejikunja, bila wimbo.

Nyanjige alirudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Daktari Lukresia alipokuja kutazama kovu, alimkuta Josia na kikombe cha maji mkononi, na Nyanjige akikigeuzageuza kidonge, akikikagua kila upande kabla ya kukipeleka mdomoni. Ndivyo alivyofanya kila siku, na Josia alisubiri kila siku bila kulalamika.

"Usimkasirikie kwa kukagua," daktari alimwambia. "Dawa ya kuua vijidudu haigawiwi mtu mwingine, wala ng'ombe, wala haiachwi njiani. Imezwe kamili, kama ilivyoandikwa. Na uaminifu nao ni hivyo hivyo, Josia. Ukimpa mwenzako nusu na nusu ukamtilia udaga, siku moja atautafuna."

"Nimeelewa, daktari. Nami nilimsingizia. Nisamehe, Nyanjige."

Nyanjige alimaliza kukikagua kidonge, akakimeza. Kesho yake Josia alileta kidonge cha mwisho. Alikiweka kiganjani mwa dada yake na kusimama, akingoja kikaguliwe. Nyanjige alikitia mdomoni bila kukitazama, akanywa maji, akamrudishia kikombe kitupu.