Mlango Uliomfaa Wifi Yangu

Kampuni ya reli ilikuwa ikimpigia simu mume wangu Verlin wakati wowote, hata tukiwa mezani. Anaacha kijiko, anakwenda kufanya kazi kwenye treni ya mizigo. Niliionea wivu simu hiyo kama mke mwenza.

Kisha Verlin akateleza kwenye ngazi ya behewa, akaumia goti. Aliripoti. Wiki ya pili akafukuzwa. Simu ikanyamaza.

Mapema mwaka huohuo wifi yangu Twyla naye alikuwa amefukuzwa kwenye kiwanda cha nyama, kwa kuripoti kidole chake kilichokatwa na mashine. Alishtaki katika mahakama ya jimbo letu, Nebraska, akarudishwa kazini. Jumapili akaja na mikate ya mdalasini na maneno yake.

"Haki haimfuati aliyelala, wifi."

Roho iliniuma. Yeye arudi kazini, sisi tubaki tunatazamana?

"Kesho tunakwenda kwa wakili wake huyohuyo," nikamwambia Verlin.

"Tumuulize Marva kwanza."

"Marva! Kwani Twyla alimuuliza nani?"

Marva Pruitt ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa reli. Tulimfuata miezi mitano baadaye, mahakama ya jimbo ilipoitupa kesi yetu.

"Jamani, mlinikimbia nini?" akauliza. "Twyla ni wa kiwandani. Mtu wa reli analindwa na sheria za nchi nzima, na hapo sheria ya jimbo haina nguvu. Ukiumia, unadai fidia kwa sheria ya shirikisho ya wafanyakazi wa reli. Mkataba ukivunjwa, chama kinakupeleka kwa wasuluhishi. Ukifukuzwa kwa kuripoti jeraha, unapeleka malalamiko kwa Idara ya Kazi ya shirikisho, ndani ya siku mia moja na themanini."

Akaangalia kalenda. "Leo ni siku ya mia moja sabini na mbili tangu afukuzwe."

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwonea wivu Twyla."

"Hayo utayatubu kesho. Leo andikeni."

Tuliandika malalamiko palepale, yakafika kabla ya muda kwisha. Uchunguzi ulichukua karibu mwaka. Ikaamriwa Verlin arudishwe, na nafasi yake ileile katika orodha ya ukongwe kazini.

"Kumbe kaka ana serikali yake!" Twyla akasema.

"Tena kubwa kuliko yako, wifi."

Jumatatu, tukiwa mezani, simu ikalia. Verlin akaacha kijiko. Kofia nilimkimbizia mimi mwenyewe.