Chupa Tatu Kivulini

"Naomba dawa zilizoisha muda," mkemia alisema, na foleni nzima ya dirisha la dawa ikageuka kumtazama.

Mfamasia aliinua macho. Koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. "Dada, umechoka kuishi?"

"Si za kumeza. Nataka kuzivunja."

Akamweleza haraka haraka, watu wakiguna nyuma yake: dawa tunazomeza haziishii zote mwilini, nyingine hutoka na mkojo, zikaingia kwenye majitaka ya hospitali na kuishia mtoni. Yeye alikuwa na unga wa kichocheo. Ukiutia kwenye maji hayo na kuyaanika, mwanga wa jua huuamsha ukazisambaratisha dawa. Mfamasia akacheka, akampa kopo zima pamoja na namba yake ya simu. Namba hakuombwa.

Miezi minne baadaye walikuwa wakiitana mpenzi mbele za watu. Lakini siku ya jaribio la mwisho mkemia hakuwa na muda wa mapenzi. Mkurugenzi wa hospitali alishasema: majibu yasipomridhisha, matangi ya kusafishia majitaka hayajengwi, na mkataba wa mkemia unaishia hapo. Asubuhi alipanga chupa sita za maji yenye dawa na ule unga juu ya paa la maabara, na kila wingu lilipopita roho ilimruka.

Saa tisa alipanda, akakuta chupa tatu tu juani. Nyingine zilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, zimepangwa kama kwenye kabati la dawa. Akampigia mfamasia simu.

"Ulikuja huku?"

"Nilikuletea chakula asubuhi, mpenzi, sikukukuta. Nikaona chupa zinaungua jua, nikaanza kuzisogeza. Nikaitwa dirishani kabla sijamaliza."

"Nani alikutuma?"

"Dawa huwekwa mbali na jua! Miaka tisa nawaambia watu hivyo."

"Na mimi miezi minne nakueleza kazi yangu, kumbe ulikuwa unanitazama midomo tu! Usinipigie tena."

Akakata, akalia peke yake juu ya paa. Kisha akafuta uso, akapima joto la kila chupa, akashuka nazo maabara.

Kesho yake mkurugenzi aliisoma karatasi ya majibu mezani polepole. "Za juani dawa karibu imekwisha. Lakini paa lile ni tanuri. Nitajuaje si joto tu lililofanya kazi?"

Mkemia aliitazama karatasi. Halafu akakumbuka mistari mitatu aliyokuwa ameifunika kwa kiganja kwa aibu. Akakiondoa kiganja.

"Hizi zilikaa kivulini. Paa lilelile, unga uleule, joto karibu sawa. Dawa haikupungua."

Mkurugenzi akavua miwani. "Basi ni jua. Jengeni."

Alimpigia mfamasia mara tano, hakupokea. Akaenda kupanga foleni dirishani kwake.

"Cheti?" mfamasia aliuliza bila kumtazama.

"Sina. Nimekuja kuomba radhi. Matangi yanajengwa, na ni chupa zako tatu zilizoniokoa. Nilikukosea."

Mfamasia akachukua bahasha ya vidonge, akaandika kitu, akaisukuma. Mkemia aliogopa kuisoma; alijua ni kwaheri.

*Tunza mahali penye jua. Tumia maisha yote. Nikuoe?*

Machozi yakamtoka, akaisoma tena na tena.

"Mjibu basi, mwanangu," mama aliyekuwa nyuma yake akasema, "wenzio tuna homa."

"Nimekubali," mkemia akasema. "Lakini chupa zangu usiguse tena."