Koti la Baridi Lililonifuata Muscat

Sikuwa na cheti cha skuli ya mchana. Sikuwa na koti. Sikuwa na mke tena, Mungu amrehemu. Na sikuwa na mtu wa kunambia kwamba nimeuzwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe...

Nilichokuwa nacho ni pasi mpya ya kusafiria, na hamu ya kumwona binti yangu.

Nisikilizeni, wasomaji. Mimi Sleiman ni mtu mzima, si wa kulia mitandaoni. Lakini hili limenikaa kooni.

Binti yangu Ghadeer anaishi Leiden, Uholanzi, na mumewe Yaqdhan. Kila wikiendi wapo kwenye treni: leo Bruges, wiki ijayo Cologne, Jumapili wanarudi na picha.

Mimi nipo Al Khoudh, hapa Muscat, na mwanangu Hatem. Kila asubuhi mimi ndiye ninayewapeleka watoto wake skuli.

Kiingereza nilijifunza ukubwani, darasa la usiku, baada ya kutwa nzima kuendesha gari la wizara. Wenzangu wakenda kucheza karata, mie nikenda kusoma. Sioni haya kujisifu, nimekitolea jasho.

Basi Ghadeer akanipigia.

"Baba, njoo ukae nasi mwezi. Tukutembeze."

Mliolelewa na watu wa Unguja, kama sisi, mnajua nilijibu nini.

"Mwanangu, sitaki kukusumbueni."

Akanialika mara ya pili. Nikasema nyumba yenu ndogo, na mie nimeshazeeka. Na moyo huku unarukaruka! Kwetu mkubwa hakubali mbio mbio kama mwenye njaa. Ya kwanza anakataa, ya pili anakataa, ya tatu anasema haya, mkiona hivyo.

Nikangoja ya tatu.

Haikuja...

Ikaja habari kwamba anayekwenda ni Bi Jawaher, mama yake Yaqdhan. Nikamwona pichani, kasimama kando ya mfereji, anacheka. Nikazima simu. Nikajisemea, binti yangu kamchagua mama mkwe. Tangu hapo akipiga namjibu kwa mkato. Naye, ajabu, hakuitaja safari tena.

Bi Jawaher aliporudi, ada ni kwenda kumpa mkono wa salama. Hatem akadai ana kazi karakanani, mtaa wa Ghala. Nikenda peke yangu.

Kahawa, halwa, hadithi za treni. Nikavumilia. Halafu akaingia chumbani, akatoka na koti. La kijivu, zito, karatasi ya dukani bado inaning'inia.

"Lako hili, Bwana Sleiman. Ghadeer alikununulia kabla hujakataa."

"Nani kakataa?"

Akanitazama, dele la kahawa mkononi.

"Wewe. Alipopiga mara ya tatu ulikuwa msikitini, Hatem akapokea simu yako. Kamwambia ushaapa huendi. Kizungu hukijui, unaona haya kupotea, na ukitajiwa safari tena utaudhika. Mtoto ananihadithia huku analia. Mie nimelala kitanda ulichotandikiwa wewe."

Kizungu hukijui! Jamani...

Nililivaa koti palepale. Mabega yamekaa sawasawa. Binti yangu alikuwa hajanisahau.

Nilirudi nyumbani nalo mwilini, joto la Juni, jasho linanichuruzika. Hatem alikuwa sebuleni. Hakuuliza koti la nani. Hapo nikajua anajua.

"Umenijibia, Hatem."

Akajitetea. Kwamba mie mwenyewe nilishakataa mara mbili, yeye kamalizia tu. Kwamba viwanja vya ndege vya kule vikubwa, ningemtia aibu dada yake. Nikamwacha aseme mpaka yatoke ya ndani.

Yakatoka.

"Na watoto nani angewapeleka skuli, baba?"

Hapo ndipo paliponichoma. Si ndege, si Kizungu. Alitaka dereva wake asiondoke! Na kulelewa kalelewa nyumba hii hii. Anajua kwamba kukataa kwangu mara mbili si kukataa, na kwamba jibu la tatu ndilo jibu. Ndilo hilo alilolichukua.

Nikauweka ufunguo wa gari mezani.

"Kesho utawapeleka wewe. Na keshokutwa."

Wazee wenzangu, adabu yetu nzuri, siikani. Lakini mimi niliificha hamu yangu hata binti yangu asiione, na wa nyumbani mwangu akaisimamisha adabu hiyo mbele yangu kama ukuta. Ukitaka kitu kwa mwanao, sema nnakitaka. Na jibu lako litoke mdomoni mwako.

Ningeweza kumpigia Ghadeer. Sikutaka. Neno langu lilishaibiwa kwenye simu mara moja, safari hii nilitaka lifike kwa mwandiko wangu.

Nikaandika barua. Kwa Kiingereza, ukurasa mzima, nikamweleza yote, apate kuona nani hakijui. Mstari wa mwisho tu ndio wa Kiswahili:

"Nnakuja. Usinialike tena."

Nikatia na picha yangu, nimevaa koti lile uani, jua la saa saba, nimenuna kama askari. Anwani nikaiandika mwenyewe, herufi kwa herufi.

Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaibana kwa dole gumba mpaka gundi ikashika. Kisha nikenda posta kwa miguu, nikamkabidhi karani mkononi, na sikuondoka dirishani mpaka nikamwona anaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua za Ulaya.