Kiti cha Msomanjia

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga jikoni kabla hakujapambazuka, na Subilaga akajua mjomba wake amekwisha kuamka na kubandika viazi. Alijifunga kitenge akaenda sebuleni. Kioo kipya kiliyahisi macho yake alipoketi kwenye kiti cha dereva, kikawaka, na ukuta wa sebule ukatoweka. Mbele yake palikuwa na barabara ya vumbi inayopanda mlima. Alipoinamisha kichwa kidogo aliweza kuchungulia nyuma ya mti, kama mtu aliyekaa dirishani.

Hicho ndicho kilichoitwa kioo-fuatajicho. Vioo vya zamani vilichora picha moja kwa kila aliyetazama, lakini hiki kilifuata macho ya dereva, kikakisia atatazama wapi, na kumchorea mahali hapo kabla macho hayajafika. Dukani walikuwa wanaazimisha, mteja akae nacho nyumbani mpaka aamue. Subilaga alikuwa ameazima na kioo cha kawaida pia, kile bapa na kipana, ila bado kilikuwa ndani ya boksi, kimeegemezwa nyuma ya kochi.

Mbeya ya wakati huo haikuwa tena na magari ya mashindano. Magari yalijiendesha yenyewe, nayo mashindano yalihamia ndani ya vioo, watu wakayaita mbio za kioo. Usukani na pedali vilikuwa vya kweli, vimefungwa kwenye fremu ya chuma. Matope ndiyo yalikuwa ya kuchorwa. Sheria moja ya enzi za petroli ilibaki, kwamba dereva anaweza kuwa na msomanjia, mtu wa kukaa kando yake na kumwambia barabara inakujaje. Madereva wengi walikuwa wameachana na wasomanjia wao. Subilaga hakumwacha wake, kwa kuwa alikuwa ni mjomba Ambakisye, aliyesoma njia ndani ya magari ya petroli, na aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Mama huyo alifia ndani ya gari la wagonjwa lisilo na dereva. Kwenye lami magari hayo yalikwenda vizuri, lakini kwenye matope ya milima ya Umalila yalisimama na kuomba msaada, na siku ile msaada ulichelewa. Baadaye hospitali ya milimani iliweka watu mjini wa kuyaendesha kupitia kioo kila yanapokwama. Sasa nafasi moja ilikuwa wazi, na hospitali ilitangaza kwamba itampa mshindi wa mbio za mwaka huu. Subilaga hakutaka kikombe. Aliitaka kazi hiyo.

Mjomba Ambakisye alikuja na sahani ya viazi, akaketi kwenye kiti chake, wakaanza mazoezi. Alisoma kama kawaida yake, bila kupaza sauti. Kulia ndefu. Mteremko, halafu mawe. Kushoto inayobana. Subilaga alikwenda kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia kwenye kioo kingine chochote, na moyoni alikuwa amekwisha kukinunua.

"Daraja," alisema mjomba. "Nyoosha, kanyaga mafuta."

Daraja halikuwepo. Jana yake Subilaga aliiagiza kompyuta ilete mvua kubwa, na mvua ilikuwa imelisomba. Gari likaingia mtoni na picha ikaganda hapo hapo.

Mjomba aligeuza uso. "Tumegonga?" aliuliza.

Subilaga aliachia usukani. Kisha akatoka kwenye fremu, akamwomba asogee, akaketi pale mjomba alipokuwa ameketi. Kutoka kwenye kiti kile hapakuwa na barabara wala mto. Palikuwa na rangi ya kijivu tu, kama maji yaliyooshewa mchele. Kioo kilikuwa kinachora kwa ajili ya macho mawili tu, ya aliyeketi kwenye kiti cha dereva.

"Mjomba, huoni kitu."

"Naona kidogo."

"Unaona nini?"

Akatafuna kiazi kwanza. "Naona unafurahi, mama."

Ikabidi mjomba aeleze. Tangu kioo kile kiletwe, alikuwa akiipitia barabara nzima kwenye simu yake ya zamani, kona kwa kona, mpaka akaikariri kama mtoto anavyokariri sala. Alisema kama angemwambia, Subilaga angekirudisha, na hakuna bingwa anayeshinda kwa kioo bapa. Na hata hivyo, alisema, viti vya wasomanjia vinakwisha, hakuona sababu ya chake kumzuia.

Subilaga aliinuka. Alilivuta boksi kutoka nyuma ya kochi, akatafuta kisu cha kulifungulia.

Dukani, muuzaji alikipokea kioo-fuatajicho akakigeuza huku na huku, akauliza kina kasoro gani. Subilaga alisema hakina kasoro, kina nafasi ya mtu mmoja tu.

"Dada, wenzako wananunua macho," muuzaji alicheka, "wewe unanunua benchi."

Lakini alikuwa mwanamke mwema. Aliuliza sebule ina upana gani na wanakaa umbali gani, akamwonya asishawishike na ukubwa peke yake, maana kioo cha kadiri kilichosogezwa karibu huonyesha pembe nyingi za barabara kuliko kikubwa kilichowekwa mbali. Akashuka stoo mwenyewe akaleta stendi ya kukileta kioo juu ya usukani, kimo cha macho ya watu wawili. Hakudai chochote kwa ajili yake.

Siku ya fainali ukumbi wa Mbeya ulijaa. Madereva wote walikuwa wameletewa barabara moja, njia ya zamani ya kwenda Chunya, ila hali ya hewa ilifichwa mpaka dakika ya kuanza. Walipomwona Subilaga na kioo chake bapa na mzee kando yake, vijana wa nyuma walipiga mbinja, mmoja akauliza kama babu ndiye anayesukuma gari likizimika. Mjomba aliwapungia mkono kama mgeni rasmi.

Hali ya hewa ikatangazwa. Ukungu.

Loshilari, bingwa wa Arusha, aliongoza tangu mwanzo. Kioo chake kilimchorea vizuri kila alipotazama, lakini katika ukungu dereva hutazama karibu, mbele ya tairi, na kioo-fuatajicho hakiwezi kumwonyesha mtu mahali asipotazama. Subilaga naye alitazama karibu. Aliyetazama mbali alikuwa mjomba Ambakisye. Juu ya ukungu aliona vilele vya mikaratusi iliyopandwa kando ya barabara, vimejipanga kama watu kwenye foleni, na akaona foleni inakata kona.

"Miti inakunja kushoto," alisema. "Usishike breki. Bado. Bado, mama. Sasa."

Taa nyekundu za Loshilari ziliwaka mapema, kwa woga, kama ambavyo dereva yeyote mwenye akili angefanya. Subilaga alipita upande wa ndani. Kona iliyofuata mjomba aliisoma vivyo hivyo, na nyingine, na Subilaga alipofika chini ya mlima, mwisho wa mbio, nyuma yake hapakuonekana taa ya mtu yeyote.

Ukumbi ulisimama wote. Waliopiga mbinja sasa walikuwa wanapiga meza. Loshilari alivua glavu, akaja, na kabla hajampongeza mshindi aliinama mbele ya mzee, akamwamkia shikamoo, akamshika mkono kwa mikono miwili. Yeye pia aliwahi kuwa na msomanjia, alisema. Hajui siku hizi anaishi wapi.

Chumba cha kuendeshea cha hospitali, pale mjini, kilikuwa na kiti kimoja. Subilaga aliomba cha pili, na muuguzi mkuu akafikiri kidogo kisha akavuta cha kwake mwenyewe.

Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa Bibi Tumwidike wa Umalila, mkulima wa pareto, mwenye nimonia. Gari lilipokwama, Subilaga alishika usukani akalitoa matopeni polepole. Mjomba alisoma njia kwa sauti, na kati ya kona na kona alimuuliza bibi habari za shamba, ili asilale. Wakamfikisha akiwa hai.

Alipopona, wao ndio walioomba kumrudisha. Mlango wa gari ulifunguka mbele ya nyumba yake, lakini bibi hakushuka. Alisema zamani dawa zililetwa na mtu, na mtu huyo alikaa, akala. Siku hizi zinashushwa na kisanduku kinachoruka, na vipimo vinafanywa na mashine ya ukutani. Gari nalo huja tupu. Kisha akainua uso kwenye kipaza sauti kilichokuwa juu ya kitanda.

"Nyie wawili, mko mbali?"

"Mjini, Bibi," alisema Subilaga.

"Basi mje tena. Sitaugua. Mje tu kunitembelea, na mje kwa miguu yenu."